Dada Yangu Aliondoka na 'A' Yangu ya Hesabu

Nina umri wa miaka ishirini na minne. Nimeolewa karibu na Kebirigo, na nina mtoto mmoja wa kike, Moraa, ambaye ataingia darasa la kwanza Januari. Nilisoma mpaka kidato cha nne. Lakini ukiniuliza cheti changu kiko wapi... sina! Sina hata kipande. Na jina nililosomea miaka yote hiyo ya sekondari halikuwa langu.

Wasomaji wenzangu, siwaandikii kwa machozi. Machozi yalikwisha zamani. Nawaandikia kwa hasira, na mtanisamehe nikisema mambo wazi wazi. Walionikosea wangali hai, wanakunywa chai yao kwa raha. Na mmoja wa waliokosa katika mkasa huu ni mimi mwenyewe. Nitafika huko.

Jina langu ni Kemunto. Baba yangu alikuwa na wake wawili. Mama yangu ndiye mdogo. Mke mkubwa wa baba sote tulimwita Mama Mkubwa, naye alikuwa na binti aitwaye Kwamboka, aliyenizidi miaka miwili. Kwamboka alirudia darasa la saba, kwa hiyo tukajikuta tumeketi dawati moja, watoto wa baba mmoja.

Ungetuona ungecheka. Kwamboka alikuwa na mdomo! Akisoma Kiingereza, mwalimu anaacha kuandika ubaoni anamsikiliza. Lakini mwambie agawanye sehemu kwa sehemu, analia. Mimi nilikuwa kinyume chake. Kiingereza kilinishika kooni kama ugali mkavu, lakini hesabu... hesabu nilizaliwa nazo! Tulipopeleka maua ya pareto kupimwa, karani akisoma ratili za magunia ya watu, mimi nilikuwa nimeshajumlisha kabla hajalamba kalamu yake. Wanaume walikuwa wakiniita, "Ewe binti, njoo utuangalizie huyu karani."

Uhuru ulikuwa na miaka mitano tu wakati huo. Mtihani wa darasa la saba, C.P.E., ndio ulikuwa mlango. Ukipita umepita. Ukianguka, jembe.

Matokeo yalipotoka, mimi nilipata A ya hesabu, C ya Kiingereza, na B ya ile karatasi ya masomo mengine. Niliitwa shule kubwa ya bweni ya wasichana. Niliitwa mimi, Kemunto! Kwamboka alipata A ya Kiingereza, lakini hesabu alipata E. Hakuitwa popote.

Nilicheza siku mbili. Siku ya tatu baba akaniita nyumbani kwa Mama Mkubwa. Nilipoingia nilimkuta Kwamboka ameketi, macho yamevimba, na karatasi yangu ya matokeo iko juu ya meza.

Baba hakuzunguka. Alisema ndugu yake Mama Mkubwa, aliyekuwa na duka Masimba, alikuwa ameahidi kumlipia karo mtoto wa dada yake tu. Mtoto wa mke mwingine? Hapana. Na yeye baba hakuwa na uwezo wa kulipa shule ya bweni. Basi Kwamboka angekwenda bweni kwa karatasi yangu na jina langu. Mimi ningechukua karatasi ya Kwamboka na jina la Kwamboka, nikasome shule ya harambee iliyo karibu na kwetu, ambayo haikukataa mtu.

"Lakini tata," nikamwambia baba, "mimi ndiye niliyepita."

"Shule ni shule," akasema baba. "Jina ni la kuitia tu. Hesabu zako si ziko kichwani? Nani atakutoa kichwa?"

Wasomaji, hayo ndiyo maneno aliyoniambia baba yangu mzazi! Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni na chungu mkononi. Hakusema neno. Mpaka leo namuuliza kwa nini, na mpaka leo hasemi.

Siku hizo jambo hilo halikuwa geni kwetu. Watu walipeana karatasi za matokeo kama wanavyopeana panga. Hakuna aliyeona kwamba mtoto anakwenda na karatasi, na karatasi inakwenda na mtoto, mpaka mwisho.

Nikaenda shule ya harambee. Vyumba vitatu vya udongo na kimoja cha mawe. Hicho cha mawe kilikuwa ofisi ya mwalimu mkuu, na ndani yake ndimo nilimozikwa.

Mwalimu mkuu huyo sisi tulimwita Nabii. Si kwa sababu ya dini! Alikuwa amebandika ukutani karatasi kubwa, chati, yenye majina ya wanafunzi wote. Mbele ya kila jina aliandika kwa wino wa bluu alama za C.P.E., somo baada ya somo. Kisha kwa wino mwekundu akaandika alama ambazo mtu huyo atapata kidato cha nne. Miaka minne kabla ya mtihani! Alikuwa akisema, "Mtoto wa darasa la saba amekwisha jiandika. Aliye na A ya somo atapanda nalo. Aliye na E ataanguka nalo. Mimi sibahatishi."

Na kusema kweli alikuwa hakosei sana. Ndiyo maana wazazi walimwogopa na kumheshimu.

Mbele ya jina la Kwamboka, yaani mimi, palikuwa na A ya Kiingereza na E ya hesabu. Mwaka wa kwanza nilikuwa hata siitiki vizuri. Mwalimu akiita "Kwamboka!" mimi nangoja Kwamboka aitike. Wenzangu wakaanza kuniita Kiziwi.

Kiingereza nilipata arobaini, nikachapwa. Kwa nini? Kwa sababu mtu wa A hapati arobaini, basi ni mvivu! Nabii akaniweka niongoze mdahalo mbele ya shule nzima, ati nitoe kile kilicho ndani. Nilisimama pale nikasema sentensi mbili, ya tatu ikakatika... Wavulana walipiga meza mpaka mavumbi yakapanda. "Kaa chini, Kiziwi! Sasa umekuwa bubu pia!"

Hayo ningeyavumilia. Lakini ikaja hesabu.

Kidato cha pili nilipata tisini na sita. Aliyenifuata alipata sitini na moja. Mwalimu wa hesabu alifurahi, akapeleka karatasi ofisini. Nabii akatazama karatasi. Akatazama chati. Akaniita.

"Msichana wa E hapati tisini na sita," akasema. "Nani alikupa maswali?"

Nikamwambia hakuna. Akanichapa mikononi. Akauliza tena. Hakuna. Asubuhi yake akanisimamisha mstarini, akaandika hesabu ubaoni mbele ya watu wote, akasema nifanye. Nikafanya! Vidole vimevimba, chaki inaniponyoka, lakini nikafanya, jibu likatoka sawa sawa. Nikageuka kumtazama. Nilidhani... sijui nilidhani nini. Nilikuwa mtoto.

Akawaambia wanafunzi, "Mnaona? Hata hii alishapewa."

Ningesema nini? Niseme hiyo E si yangu? Baba alikuwa ameniambia, "Siku utakayofungua mdomo, mimi nafungwa jela na wewe unarudi kwenye pareto." Niambieni, msichana wa miaka kumi na sita afanye nini?

Tangu siku hiyo watu wa E walitolewa darasani wakati wa hesabu, ati wasiwapotezee wengine muda. Tulipewa majembe tulime shamba la shule. Shamba lenyewe lilipakana na dirisha la darasa. Basi mimi nikawa nachagua mstari wa karibu na dirisha. Mwalimu anasema swali, mimi nalifanya chini kwa ncha ya jembe, kisha nalifukia kwa udongo kabla hajapita mtu. Kidato cha tatu chote nilikisoma hivyo. Nilipanda maharagwe juu ya aljebra!

Kidato cha nne tukaandikishwa masomo ya mtihani. Nabii alikaa na orodha, akikata kwa kalamu nyekundu. Jina langu lilipofika akakata hesabu, akakata sayansi. Akaniachia Kiingereza, Biblia, upishi na mengine ya namna hiyo.

Nilipiga magoti. Nilitaka kwenda chuo kuwa mwalimu wa hesabu, na bila hesabu chuo kisingenitazama. Nilimwambia, "Mwalimu, nipe swali lolote, nikikosa moja nifukuze."

Hakuinua hata kichwa. "Mimi nataka shule yangu ipate jina, Kwamboka. Sitaki E yako inichafulie. Toka."

Likizo ya Agosti Kwamboka akaja kutoka bweni. Sweta nzuri, viatu vyeusi, na ndani ya shingo ya sweta limeshonwa kwa uzi mwekundu jina KEMUNTO. Jina langu! Nililiona sweta ilipokuwa imeanikwa kwenye kamba.

Nikamfuata mtoni. Nikamsihi. Nikamwambia twende sote wawili tuseme ukweli, kila mtu arudishiwe karatasi yake, bado hatujachelewa. Kwamboka alikuwa anaosha miguu. Hakuniangalia.

"Wewe Kwamboka wa harambee," akasema, "tulia. Umeharibu hata Kiingereza changu, nasikia. A yangu nzuri hivyo umeifanya arobaini!"

"Na wewe A yangu umeifanyaje?"

Akainama kusugua miguu. Ndipo nikaona mashavu ya miguu yake. Alama za fimbo, mpya juu ya za zamani. Huko bweni walikuwa wakimchapa kwa sababu ya hesabu. Mtu wa A atapataje kumi na nne kwa mia? Basi ni mvivu, ni mkaidi, mchapeni! Usiku analia, mchana anachapwa, miaka mitatu na nusu.

Wasomaji, hapa ndipo ninapokiri. Nilipoziona zile alama... nilifurahi! Nilifurahi kama mtu aliyekunywa maji baridi. Nilijisemea moyoni, mchapeni, mchapeni tena, hiyo ni A yangu inajilipiza!

Angeniambia neno moja la udugu siku hiyo, ningeacha. Lakini alipomaliza kuosha miguu alisema, "Nenda ukalime, E. Mimi nitafanya mtihani kwa jina lako, na watu wakisema Kemunto ameanguka, ni wewe uliyeanguka."

Shule zilipofunguliwa nikaandika barua kwa mwalimu mkuu wa shule yake. Niliandika kwa Kiingereza, kile Kiingereza changu cha kushikwa koo. Sikuweka jina. Nikasema Kemunto wenu si Kemunto, mwulizeni. Nikaipeleka posta kwa miguu yangu mwenyewe, hakuna aliyenituma. Niliamini nini, mjinga mimi? Niliamini watu wazima wakijua ukweli watarekebisha. Kwamboka atarudishiwa E yake, mimi nitarudishiwa A yangu, nitafanya mtihani wa hesabu.

Wiki mbili baadaye likaja Landrova la shule ya bweni. Mwalimu mkuu wao, mama mmoja mkali, alishuka, nyuma yake Kwamboka na sanduku lake. Baba akaitwa. Tukasimama wote mle katika ofisi ya mawe. Yule mama akaweka mezani karatasi ya matokeo ya darasa la saba na ripoti ya sekondari kutoka shuleni kwake, akamwambia Nabii atoe zake. Akasoma ile barua kwa sauti. Mimi nilitazama chini. Kwamboka alinitazama mimi, kutoka mwanzo wa barua mpaka mwisho.

Nabii alichukua zile karatasi. Akaziweka sambamba. Akachukua ripoti ya Kwamboka, hesabu kumi na nne, Kiingereza wa kwanza darasani. Akachukua yangu, Kiingereza arobaini, hesabu tisini na sita ile ya kidato cha pili. Akazigeuza, hii huku, hii huku. Kisha akaenda ukutani kwa chati yake, akakata kwa penseli, akaandika upya.

Uso wake ukang'aa! Naapa, sijaona mtu akifurahi vile. "E ya hesabu, hii hapa kumi na nne! A ya hesabu, hii hapa tisini na sita! C ya Kiingereza, A ya Kiingereza... kila somo limekaa mahali pake!" Akamgeukia yule mama, akampa mkono. "Mwalimu mwenzangu, miaka yote jina hili moja ndilo lililokuwa likiniharibia chati. Kumbe sikukosea! Sikukosea hata somo moja!"

Nikapata moyo. Nikamwambia, "Basi, mwalimu, nirudishie hesabu yangu. Nifanye mtihani."

Akanitazama kama anayetafuta inzi aliyelia. "Hesabu ya nani? Shuleni kwangu hakuna mtu aitwaye Kemunto. Na Kwamboka nimemfukuza sasa hivi."

Yule mama naye akasema Kemunto wa kwake amefutwa, na Kwamboka hamjui. Ilikuwa imebaki miezi miwili tufanye mtihani. Majina mawili, wasichana wawili, na hakuna hata mmoja aliyebaki na dawati!

Nabii alitufungulia mlango yeye mwenyewe. Tulipokuwa tunatoka alikuwa bado anatabasamu kwa chati yake.

Baba hakufungwa. Walimkemea tu, naye aliporudi nyumbani akalipiza kwa migongo yetu. Kabla ya mwaka kwisha alituoza sote wawili. Mimi nililetwa huku. Mume wangu si mtu wa kupiga, ila akilewa ananiita Profesa. "Profesa, hesabu kuku wako, wamerudi wote?" Kwamboka alipelekwa Nyamache kwa mtu mwenye umri wa baba, mjane mwenye watoto wakubwa kuliko yeye. Yule mjomba wa Masimba hakumtembelea hata mara moja.

Nyumbani hakuna aliyejua nani aliandika barua. Kila mtu alilaumu mtu wake. Mimi nikanyamaza. Nililala na hiyo barua kifuani miaka sita.

Mwezi uliopita nilikwenda Nyamache siku ya soko, na Moraa mkononi. Mtoto akaona njugu za kukaanga akataka. Nikainama kununua... muuzaji alikuwa Kwamboka. Amekonda. Meno mawili ya mbele hayapo. Mbele yake rundo la karatasi za madaftari za kufungia njugu.

"Karibu, Kwamboka," akaniambia kwa sauti, wanawake wenzake wasikie. "Mimi ni Kemunto wa bweni. Hukumbuki?"

Wakacheka, wakidhani ni utani.

Nikamsalimu. Nikamwambia huyu ni mtoto wangu. Alimtazama Moraa, akapima njugu, akaongeza kiganja kizima juu. Kisha hakuchukua karatasi kutoka kwenye rundo. Alifungua fundo la kanga yake, akatoa karatasi moja iliyokunjwa mpaka mikunjo imekatika, akaviringisha njugu ndani yake.

"Hii nilikuwekea wewe tangu siku ile ya ofisini," akasema. Sauti imeshuka sasa. "Ile barua, mwalimu alipofika mstari wa pili nilikujua. Kiingereza kibovu namna ile! Chati ya mwalimu wenu ilisema kweli, wewe ni C. Ungeandika kwa tarakimu, dada yangu, nisingekujua kamwe."

Kwamboka akageukia mnunuzi mwingine. "Mama, njugu? Ni za leo!"

Tulipofika barabarani Moraa alikuwa amemaliza njugu, analamba chumvi iliyobaki. Nikaichukua ile karatasi nikaikunjua. Ilikuwa karatasi yangu ya matokeo. Kemunto. Hesabu, A. Mafuta ya njugu yalikuwa yameloweka mpaka upande wa pili.

"Mama, hii herufi ni gani?" Moraa akauliza.

"Ni A."

"Ya nani?"

Wasomaji wenzangu, mimi niliyekuwa najumlisha magunia kabla ya karani, nilishindwa kumjibu mtoto wa miaka mitano!

Sasa nawasihi. Mzazi, usichukue karatasi ya mtoto huyu ukampa yule, hata kama ni damu moja, hata kama karo iko upande mmoja. Hukusaidia mmoja, umewaua wawili. Msichana uliyepita, ukiambiwa jina ni la kuitia tu, piga kelele siku hiyo hiyo, usingoje miaka minne kama mimi. Mwalimu, alama za nyuma zinasema kweli, mimi siwezi kubisha, zilisema kweli kwangu somo kwa somo! Lakini mtoto akisimama mbele yako akafanya hesabu kwa vidole vilivyovimba, mtazame yeye kwanza, ukuta baadaye. Na wewe mwenye hasira kama yangu, mwenye kalamu mkononi... iweke chini. Mimi nilidhani natafuta haki, kumbe nilikuwa nataka zile fimbo ziendelee.

Januari nitampeleka Moraa shule mimi mwenyewe. Simtumi baba yake, simtumi babu yake. Nitasimama mlangoni mpaka nione jina lake limeandikwa, na nitalisoma mara mbili. Akipata A, ni yake. Akipata E, ni yake pia... na atakayeigusa atanikuta!